Kuunganisha chila kwenye tangi la matumbawe: mwongozo kamili wa mabomba, pampu na mpangilio wa joto

Chila, mashine ya kupoza maji ya tangi, inanguruma usiku kucha, feni yake inatoa hewa ya moto, na kipimajoto bado kinasoma nyuzi 29. Mwenye tangi huirudisha mashine dukani au hununua kubwa zaidi, kisha hukutana na tatizo lilelile. Mara nyingi mashine ni nzima. Kasoro iko kwenye njia ya maji: pampu dhaifu, mpira mwembamba, maji baridi yanayorudi mdomoni mwa pampu ileile iliyoyatuma, au kabati lililofungwa ambamo chila inavuta joto lake yenyewe.

Mwongozo huu ni wa tangi la maji chumvi lenye tangi la chini, ambalo wengi huliita sampu. Asiye na sampu atapata maelezo yake katika hatua ya 3.

Lengo ni nyuzi 25 hadi 26 za Selisiasi, zisizopanda wala kushuka sana kati ya mchana na usiku. Joto likikaa juu ya 29 kwa siku kadhaa, matumbawe huanza kuutema mwani unaoishi ndani ya nyama yake na kupauka. Samaki nao huhema, kwa kuwa maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo.

## Vitu vya kuandaa

- Chila yenye koili (bomba la ndani linalogusa maji na kuyapoza) ya titani. Usikubali koili ya shaba hata kwa bei ya kutupwa: shaba kidogo tu ikiyeyuka kwenye maji huua kamba, konokono na matumbawe.
- Pampu ya chila peke yake, inayofaa maji chumvi.
- Mpira mzito wa vinyli au silikoni, wenye kipenyo cha ndani kinacholingana na midomo ya chila. Chila nyingi za nyumbani huja na midomo ya inchi nusu au robo tatu.
- Yunioni (viungo vya bomba vinavyofunguka) mbili zenye koki, za PVC.
- Klipu za nailoni, angalau nane. Klipu za chuma, hata zile zinazouzwa kama hazishiki kutu, huliwa na chumvi polepole.
- Vipande vya PVC: elbo, soketi, na midomo ya kuvalishia mpira. Hakuna kipande cha shaba nyeupe wala nyekundu kinachoruhusiwa kugusa maji haya.
- Gundi ya PVC na dawa yake ya kusafishia, pamoja na tepu ya tefloni.
- Sponji ya kukinga mdomo wa pampu.
- Vipimajoto viwili.
- Ndoo yenye alama ya lita 10 na saa yenye sekunde.
- Tundu la umeme lililolindwa na swichi inayojikata umeme unapovuja.

## Hatua ya 1: Jua joto linaloingia kabla ya kuchagua ukubwa

Watu hununua chila kwa kuangalia lita za tangi zilizoandikwa kwenye boksi. Namba hiyo haijui pampu zako, taa zako, wala chumba chako. Pampu ya wati 60 iliyozama huingiza karibu wati 60 zote kwenye maji.

Chagua siku ya joto kali. Zima hita, acha vifaa vingine vifanye kazi kama kawaida, na andika joto la maji kila baada ya saa moja. Tafuta ile saa moja ambayo joto lilipanda kuliko saa zote, kisha piga hesabu hii:

Lita za maji × nyuzi zilizopanda kwa saa × 1.14 = wati za joto

Kwa mfano, tangi na sampu zina lita 400 kwa jumla, na joto lilipanda nyuzi 0.4 ndani ya saa moja. 400 × 0.4 × 1.14 ni kama wati 182.

Zidisha jibu kwa mbili. Sababu ni kwamba maji ambayo tayari yana joto hupoteza sehemu ya joto hilo chumbani, kwa hiyo kipimo chako kimepunjika. Yakishapozwa hadi 26, chumba kitayapasha kwa nguvu zaidi. Hapa tunatafuta chila yenye uwezo wa kupoza wa wati 365 au zaidi.

Angalizo: soma uwezo wa kupoza, si umeme unaotumika. Namba hizo mbili hukaa jirani kwenye kibandiko na huchanganywa sana.

Ikiwa jibu lako ni dogo na hewa ya chumba ni kavu, jaribu kwanza feni inayopuliza juu ya maji. Kila lita inayovukizwa huondoka na joto la karibu kilowati-saa 0.67, hivyo lita 8 kwa siku ni sawa na kuondoa wati 225 mfululizo. Utalazimika kurudisha lita hizo 8 za maji baridi yasiyo na chumvi kila siku. Kwenye hewa yenye unyevu mwingi feni haisaidii sana, na hapo chila haina mbadala.

## Hatua ya 2: Mahali pa kuiweka

Chila haifuti joto, inalihamisha. Ikitoa wati 365 kwenye maji huku ikitumia wati 200 za umeme, hewa inayotoka nyuma yake inabeba wati 565. Ukiifungia kabatini, baada ya saa moja inavuta hewa ya moto iliyoitema yenyewe, kompresa inachoka, na kinga ya ndani inaizima. Kibaya zaidi, sampu iliyo humohumo kabatini inapashwa upya.

Iweke nje ya kabati. Acha nafasi ya sentimita 30 au zaidi upande unaovuta hewa na upande unaotoa. Ikilazimika kukaa ndani, toboa kabati ili upande wa kutoa hewa utazame nje moja kwa moja, na upande wa kuvuta upate tundu lake lenye ukubwa usiopungua wavu wa mashine.

Isogeze pia mbali na skima, kifaa kinachotoa uchafu wa maji kwa povu. Matone ya chumvi yanayoruka hapo hula mapezi ya kondensa, sehemu ya chila inayotoa joto hewani.

Kama ilisafirishwa ikiwa imelala, isimamishe wima saa 24 kabla ya kuiwasha ili mafuta ya kompresa yarudi chini.

## Hatua ya 3: Chora njia ya maji

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwa hiyo chora kwenye karatasi kabla ya kukata mpira wowote.

Sampu ya kawaida ina vyumba vitatu: chumba cha kupokea maji yanayoshuka kutoka tangi la juu, chumba cha skima, na chumba cha pampu inayorudisha maji juu. Mpangilio tunaoupendekeza ni huu:

Chumba cha pampu ya kurudisha → pampu ya chila → mdomo wa kuingilia wa chila → mdomo wa kutokea → chumba cha kupokea.

Maji yaliyopozwa yanapitia vyumba vyote na kuchanganyika kabla hayajafika tena kwenye pampu ya chila. Pia maji yanayovutwa yameshachujwa, kwa hiyo uchafu hauzibi koili. Na pampu kubwa, ile ya kurudisha maji juu, ikizimwa wakati wa kulisha samaki, mzunguko wa chila unaendelea bila kuharibu kina cha chumba chochote.

Kuna mpangilio wa kinyume unaopendwa na wengi: kuvuta kwenye chumba cha skima na kumwaga kwenye chumba cha pampu. Unafanya kazi, lakini kwa sharti moja linalosahauliwa. Pampu ya chila ikisukuma maji mengi kuliko yanayoshuka kutoka juu, au pampu kubwa ikizimwa, chumba cha skima kinakauka taratibu na pampu ya chila inaishia kunyonya hewa. Kama huna sababu ya kuuchagua, uache.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuweka pampu na bomba la kurudi katika chumba kimoja, vikiwa vimegusana mabega. Maji baridi yanazunguka palepale. Kipimo cha chila kinaona 26 na kuizima, huku tangi la juu likiwa 29. Ukiona tofauti hiyo kati ya kioo cha chila na kipimajoto cha tangi, anza kulaumu mabomba.

Mambo matatu ya kuzingatia kwenye mchoro:

Mdomo wa bomba la kurudi uzame sentimita 2 au 3 tu. Ukiwa juu ya maji unaleta viputo na kelele. Ukizama hadi chini, siku mpira utakapochomoka kwenye chila iliyo sakafuni, maji yatajivuta kurudi nyuma na kumaliza chumba kizima. Ukiwa karibu na uso, hewa inaingia mapema na mvuto unakatika.

Inua pampu ya chila kwa kitako cha sentimita 10. Chumba cha sentimita 40 kwa 30 chenye kina cha 20 kina lita 24. Mpira ukichomoka, pampu iliyoinuliwa itamwaga kama lita 12, na nusu iliyobaki itabaki kwa pampu kubwa. Gharama yake ni kwamba kina kikishuka kwa uvukizi pampu itafikia hewa mapema, kwa hiyo kifaa cha kujaza maji yaliyovukizwa ni cha lazima. Chupa ya kifaa hicho nayo isiwe kubwa mno: maji yakivuja, chenyewe kitadhani ni uvukizi na kumwaga maji yasiyo na chumvi yote kiliyonayo.

Mtiririko wa chila unaongezeka juu ya ule wa kawaida. Kina cha chumba cha skima kitapanda kidogo kwa kuwa maji mengi zaidi yanaruka ukuta wa kioo. Rekebisha skima baada ya kazi, la sivyo itafurika povu siku ya kwanza.

Asiye na sampu anaweza kuunganisha chila kwenye mpira wa kutokea wa kichujio cha nje, kamwe si ule wa kuingilia. Maji yafike kwenye koili yakiwa yameshachujwa. Hakikisha kichujio kinaweza kutoa kiwango cha chini kinachodaiwa na chila, maana sponji zikijaa uchafu mtiririko hushuka sana.

## Hatua ya 4: Pampu na mpira

Kitabu cha chila kinataja kiwango cha mtiririko, tuseme lita 800 hadi 2,000 kwa saa. Lenga katikati. Namba iliyoandikwa kwenye boksi la pampu ni ya pampu isiyo na mzigo wowote. Baada ya mpira, elbo na koili, tarajia kupata pungufu sana. Anza na pampu ya takriban mara mbili ya unachotaka, kisha ipunguze kwa koki.

Habari njema ni kwamba katika mzunguko huu pampu hainyanyui maji. Yanatoka sampu na kurudi sampu, kwa hiyo inapambana na msuguano tu. Ndiyo maana kipenyo cha mpira kina uzito kuliko nguvu ya pampu. Usipunguze inchi robo tatu hadi nusu kwa sababu ya kipande kilichobaki stoo. Tumia mpinde mpana badala ya elbo mbili, na weka mpira mfupi uwezavyo.

Kuna imani kwamba maji yakipita haraka hayapati muda wa kupoa. Si kweli. Yanapoa kidogo kila mzunguko, lakini mizunguko ni mingi, na joto linaloondolewa ni lilelile au zaidi. Kwa lita 1,200 kwa saa, chila ya wati 365 inashusha maji kwa nyuzi 0.3 tu kati ya kuingia na kutoka. Ukishika mpira wa kurudi hutahisi ubaridi wowote, na hiyo ni dalili ya afya. Mpira ukiwa baridi waziwazi mkononi, mtiririko ni mdogo: koili inapozwa kupita kiasi, kompresa inawaka na kuzima mara kwa mara, na uhai wake unafupika.

Kwa sababu hiyohiyo, kufunika mipira mifupi kwa sponji ya kuzuia joto ni kazi isiyolipa.

## Hatua ya 5: Kuunganisha

Kata mpira kwa kisu kikali, kingo ziwe sawa. Chovya ncha kwenye maji ya moto kwa nusu dakika, kisha isukume hadi ifunike meno yote ya mdomo. Usitumie grisi wala sabuni. Funga klipu nyuma ya jino la mwisho. Ikikaa juu kabisa ya ncha haishiki kitu.

Weka yunioni yenye koki upande wa kuingilia wa chila na nyingine upande wa kutokea. Siku ya kusafisha utafunga zote mbili, utafungua yunioni na kuondoka na mashine bila kumwaga sampu.

Mtiririko urekebishwe kwa koki ya upande wa kutokea. Usiweke koki kati ya maji na mdomo wa kunyonyea wa pampu: pampu ikinyimwa maji hutetemeka, hutoa viputo na kula mhimili wake.

Midomo ya chila ni ya plastiki na hupasuka kwa mtu mwenye haraka. Kama ina mpira wa duara ndani yake, hiyo ndiyo kinga yake dhidi ya uvujaji, tepu haihitajiki. Kama ni nyuzi tupu za skrubu, zungusha tepu ya tefloni mara tatu au nne kufuata upande wa kukaza. Kaza kwa mkono hadi mwisho, ongeza robo mzunguko kwa spana, acha hapo.

Penye gundi, paka dawa ya kusafishia, paka gundi pande zote mbili, ingiza huku ukizungusha robo, shikilia kwa nusu dakika. Ngoja saa 24 kabla ya kupitisha maji. Fanya kazi hii mbali na tangi, madirisha yakiwa wazi.

## Hatua ya 6: Jaribu kwa ndoo kwanza

Usijaribu mabomba mapya kwa maji ya matumbawe. Weka pampu kwenye ndoo au beseni la maji safi, elekeza bomba la kurudi humohumo, na uzungushe kwa saa kadhaa bila kuwasha chila. Weka karatasi kavu ya jikoni chini ya kila kiungo; itaonyesha tone ambalo jicho halilioni. Mwaga maji hayo, yana mabaki ya gundi na vumbi la kiwandani.

Hamishia kwenye sampu. Utasikia maji yakigugumia ndani ya chila, ni hewa iliyonaswa. Iinamishe mashine kidogo huku na huku ikiwa imezimwa hadi sauti iishe.

Sasa pima mtiririko. Elekeza bomba la kurudi kwenye ndoo, na mdomo wake ukae kwenye kimo cha maji ya sampu, kisha hesabu sekunde za kujaza lita 10. Gawa 36,000 kwa sekunde hizo. Sekunde 30 ni lita 1,200 kwa saa. Andika namba hii kwenye kibandiko na ukibandike ubavuni mwa chila, utaihitaji miezi ijayo.

Umefaulu ikiwa: karatasi zote ni kavu, hakuna viputo vinavyofika tangi la juu, na mtiririko uko katikati ya kiwango cha kitabu.

## Hatua ya 7: Umeme

Pampu ya chila iwake saa zote, hata chila ikiwa imepumzika. Chila nyingi hupima joto la maji yanayoingia ndani yake. Pampu ikisimama, zinapima maji yaliyolala ambayo hayahusiani na tangi. Kwa zile zenye kihisio kinachotumbukizwa tangini hatari ni kubwa zaidi: tangi likiwa na joto na pampu imekufa, kompresa inaendelea kupoza maji yaliyosimama hadi yanaganda. Aina hiyo iwe na swichi inayoizima mtiririko ukikatika.

Kila waya ushuke chini ya tundu la umeme kabla ya kupanda kuingia humo, ili tone la maji lidondoke badala ya kufuata waya. Umeme unaokatika na kurudi ghafla huumiza kompresa, hivyo tumia kifaa cha kulinda friji chenye kuchelewesha kuwasha kwa dakika tatu au zaidi, kama chila haina mfumo huo ndani.

## Hatua ya 8: Kupanga joto

Tangi likiwa nyuzi 30, usiiweke chila kwenye 26 mara moja. Weka 29, kesho 28, na kuendelea, nyuzi moja kwa siku. Matumbawe yaliyokwisha dhoofu kwa joto hayahitaji mshtuko wa pili.

Mwisho weka chila kwenye 26 na hita kwenye 24.5. Nafasi hiyo kati yao ni ya makusudi. Vikikaribiana, kimoja kitapasha na kingine kitapoza usiku kucha, na bili ya umeme itakuwa ya vyote viwili. Angalia pia pengo la kuwasha: chila iliyopangwa 26 yenye pengo la nyuzi 1 itasubiri 27 ndipo iwake. Kama inaruhusu, weka 0.5.

Linganisha kioo cha chila na vipimajoto vyako viwili, kimoja sampu na kingine tangi la juu. Tofauti ya nyuzi 0.5 ya kudumu ni kasoro ya kihisio na hurekebishwa kwenye menyu.

Umefaulu ikiwa: saa ya joto kali chila inafanya kazi karibu nusu ya muda na kupumzika nusu, na tangi la juu halitikisiki zaidi ya nyuzi 1 kwa siku nzima.

## Ikigoma

Inafanya kazi bila kupumzika, joto halishuki. Gusa hewa inayoingia: ikiwa ya moto kuliko ya chumba, inavuta joto lake. Kisha chomoa hita. Hita iliyokwama kwenye kuwaka ni adui wa kawaida. Pima mtiririko kwa ndoo. Vyote vikiwa sawa, rudi kwenye hesabu ya hatua ya 1, huenda chila ni ndogo kweli.

Inawaka dakika chache na kuzima, mara nyingi kwa saa. Maji ya kurudi yanavutwa tena papo hapo, au mtiririko umeshuka.

Kompresa inanguruma, hewa inayotoka si ya moto, maji hayapoi. Mabomba yakiwa yamethibitishwa, gesi imepungua. Hiyo ni kazi ya fundi wa friji.

## Usafi

Fyonza vumbi kwenye wavu na mapezi kila mwezi. Kila miezi mitatu rudia kipimo cha ndoo. Mtiririko ukiwa umepungua kwa robo, utando wa chokaa umejijenga ndani. Funga koki, toa mashine, zungusha siki nyeupe na maji kwa vipimo sawa kwa saa moja, kisha suuza mara mbili kwa maji safi. Titani haidhuriki na siki.

Mzunguko ukisimama kwa zaidi ya siku moja, usiuwashe moja kwa moja. Maji yaliyofungiwa ndani yamekosa oksijeni na huweza kuwa na sumu yenye harufu ya yai viza. Elekeza bomba la kurudi kwenye ndoo, tupa lita chache za kwanza mpaka harufu iishe, ndipo ulirudishe kwenye sampu. Kama chila itakaa bila kazi kwa msimu mzima, imwage maji yote, isuuze kwa maji yasiyo na chumvi na uihifadhi ikiwa wima, midomo wazi.